Matembezi ya Bure Berlin Yalinitoa Euro 15

Binti wa shangazi yangu, ambaye ameishi miaka saba sasa Spandau, pembeni mwa Berlin, alinikuta sebuleni kwake nikipekua simu kutafuta matembezi ya mjini, akacheka. "Kaka, hayo ya bure si ya bure. Na wewe ulivyo na haya, watakumaliza."

Nilimpuuza. Ilikuwa Oktoba 2024, nilikuwa na siku tatu Berlin kabla ya kurudi kwenye kozi yangu Leipzig, na posho ya kozi haikuwa ya kuchezea. Matembezi ya katikati ya jiji yalikuwa bei sifuri, saa mbili na nusu, mwishoni unampa mwongozaji chochote ulichojaliwa. Mengine yalikuwa ya mtaa unaoitwa Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika, euro 18, unalipa kabla. Binamu akanikatia tiketi ya hayo ya pili kwa kadi yake bila hata kuniuliza, akasema tutahesabiana. Ya kwanza akaniachia nikajifunze mwenyewe.

Watu wa matembezi ya bure wanakutana Pariser Platz, mbele ya lango la Brandenburger Tor, na asubuhi ile palikuwa kama Ubungo enzi za stendi ya mabasi ya mikoani. Miavuli ya njano, ya bluu, ya kijani, na chini ya kila mwavuli mpiga debe anaita: Kiingereza huku, Kihispania kule. Mvua haikuwepo, miavuli ni alama tu. Wangu alikuwa kijana wa Ireland mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. Kabla hatujaondoka alitupanga mistari miwili tukapigwa picha ya pamoja. Nikatabasamu vizuri, nikidhani ni kumbukumbu.

Nimpe haki yake: yule jamaa alikuwa fundi. Alipoeleza jinsi Napoleon alivyoingia mjini mwaka 1806 akaiteremsha sanamu ya farasi wanne kutoka juu ya lango na kuipeleka Paris, aliigiza mpaka tukawaona wale farasi wanavyofungashwa. Walirudishwa mwaka 1814. Halafu tulipofika kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa maneno mengi vile. Alinyamaza. Akatuambia tuingie kila mtu peke yake, tukutane upande wa pili baada ya dakika kumi.

Kuna nguzo 2,711 za zege la kijivu, zimepangwa safu kwa safu. Ukiwa pembeni zinakufikia magotini, unadhani ni mabenchi. Unapiga hatua, ardhi inashuka pole pole bila wewe kugundua, na ghafla zege limekupita kichwa. Kelele za magari zinakatika. Mtu anakatiza mbele yako kwenye njia panda, unamwona sekunde moja, amepotea. Nilipotoka upande wa pili hakuna aliyekuwa akipiga soga, hata wale vijana waliokuja na makopo ya bia.

Baada ya hapo tukapelekwa kwenye maegesho ya magari. Kweli kabisa, maegesho ya magari ya wapangaji wa maghorofa, yenye vidimbwi na bango moja la maelezo, kwa sababu chini yake ndipo lilipokuwa handaki alilojiulia Hitler. Tulikaa pale robo saa nzima. Watu thelathini na kitu wakaipiga picha Opel ya mtu.

Hapo ndipo nilipomuuliza mwongozaji: ule mkutano wa mwaka 1884 wa kuigawana Afrika ulifanyikia wapi? Akanyoosha mwavuli nyuma ya maghorofa. "Hapo tu, mtaa unaofuata." Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania. "Hakuna matata!" akasema, kundi likacheka, tukaendelea na safari, ila si kwa kupitia huko.

Kuanzia Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha mpakani kati ya Berlin Mashariki na Magharibi, watu walianza kuyeyuka. Mmoja choo, wengine wawili simu. Tulioanza thelathini na wanne, tukafika Bebelplatz, pale Wanazi walipochoma vitabu usiku wa tarehe 10 Mei 1933, tukiwa ishirini na mmoja. Mwongozaji akavua kofia na kutoa hotuba fupi. Hana mshahara, akasema, anaishi kwa kofia hii. Baadaye nilipobaki naye pembeni akanieleza ile picha ya asubuhi: ni ya kuhesabia vichwa. Yeye ndiye anayeilipa kampuni kwa kila kichwa kilichoonekana pichani, awe amekaa mpaka mwisho au amekimbilia chooni. Wale kumi na watatu waliotoweka walimtia hasara mfukoni mwake mwenyewe, na nina hakika wengi wao mpaka leo hawajui.

Ila hayo aliniambia baadaye. Wakati kofia inanifikia nilikuwa na noti moja ya euro 50 na sarafu za kama euro mbili. Sarafu zile, baada ya saa mbili na nusu, zingekuwa tusi. Nikabaki nimeshika ile noti nikiitazama. "Chenji ninayo," akasema kwa upole, akazitoa haraka, bila shaka si mara yake ya kwanza. Nikampa 15. Ukiigeuza ni zaidi ya shilingi 40,000, na asubuhi nilikuwa nimeshaandika "bure" kwenye daftari langu la matumizi.

Binamu alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya pili nikapanda treni ya chini, U6, mpaka Rehberge. Tulikuwa watu saba. Mwongozaji alikuwa mama wa makamo mwenye asili ya Kameruni, na kama ni kuongea tu, yule kijana wa Ireland alimshinda mbali. Alisoma kwenye karatasi, akasahau miwani, akarudia tarehe mara mbili. Lakini hakuwa na kofia ya kuifikiria, kwa hiyo hakuhangaika kutuchekesha. Mwenzetu mmoja alipolalamika kwamba mambo yamekuwa mazito, mama akamwambia bado hatujafika kwenye mazito.

Kwa mtu wa kwetu, kutembea pale ni kama ndoto ya homa. Sansibarstraße hii hapa, Usambarastraße ile pale, Tangastraße, na kwenye vibaraza watu wamemwagilia maua na kuanika soksi. Kulikuwa pia na Petersallee. Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara mwishoni mwa 1884 akikusanya mikataba, na aliyepewa hati ya Kaizari wa Ujerumani ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa. Mtaa wake ulipewa jina hilo mwaka 1939. Mwaka 1986 wakubwa wa jiji walisema sasa ni kumbukumbu ya Peters mwingine, kibao kikabaki palepale. Ubadilishaji wenyewe ulichukua miaka ya mabishano na kesi za wakazi, mpaka Agosti 2024, miezi miwili tu kabla sijafika. Upande mmoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Upande wa pili ni Maji-Maji-Allee.

Jina la zamani lilikuwa bado lipo kwenye nguzo, limepigwa mstari mwekundu mshazari, kama mwalimu anavyokata jibu la mwanafunzi.

Mama akauliza kama kuna anayejua Maji Maji ni nini. Nikasema natoka Songea. Akakunja karatasi yake. "Basi tuambie wewe." Nikasimama chini ya kile kibao nikaeleza vita vya wazee wetu dhidi ya Wajerumani: pamba ya kulazimishwa, Wamatumbi mwaka 1905, Kinjikitile na maji yake pale Ngarambe, halafu njaa iliyofuata jeshi lilipochoma mashamba na maghala. Nikawaambia kwetu Songea tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa mwaka 1906. Mama akanikatiza. "Tarehe ngapi?" Nikarudia. Tukatazamana. Miaka 21 kamili baada ya ile hati ya Peters, na mimi niliyekua na tarehe hiyo sikuwahi kuziweka pamoja.

Kwa hiyo nililipa euro 18 nikaenda kufundisha. Tofauti na ya bure ni euro tatu.

Ukiniuliza leo, siku ya kwanza kwenye mji usioujua mashariki wala magharibi, ufuate mwavuli wa bure, ila beba noti ndogo na ukae mpaka mwisho. Ukiwa na swali lako mahususi, lipia.

Asubuhi ya tatu sikwenda na mtu. Nilitembea Wilhelmstraße mpaka namba 92, kwenye bango la mkutano wa Berlin, lililosimama kando ya njia kati ya maghorofa na baiskeli. Ikulu ya Bismarck, kansela wa Ujerumani aliyeuandaa mkutano ule, yenyewe haipo. Manyunyu yalikuwa yameanza. Ng'ambo ya barabara mwavuli wa njano ulipita na kundi lake kuelekea kwenye yale maegesho. Wazee wawili, mke na mume, wakachomoka kundini wakaja kuuliza ninasoma nini. Nikawaeleza, dakika kama kumi: nani walikaa mezani, nani hawakuitwa, na nini kilifika kwetu.

Walinishukuru sana. Kisha mzee akaingiza mkono mfukoni, akanipa sarafu ya euro mbili.

Nikaipokea.