Ukitaka kuijua kampuni ya video, angalia nani anakaa mezani na bosi

Kazi yangu ni video. Yani kuzibana zisiwe nzito, kuzipandisha kwenye seva na kuhakikisha zinamfikia mtu bila kukwama kwama, kwa hiyo mara nyingi naombwa ushauri, tuchukue huduma ya kampuni gani. Wengi wanaanza na bei, wengine wanaanza na orodha ya vitu ambavyo mfumo unaweza kufanya. Mi naanza na viongozi. Nataka kujua nani mkurugenzi mtendaji, katokea wapi, mkuu wa teknolojia ni nani na kakaa pale miaka mingapi, mkuu wa fedha ametoka kwenye biashara ya aina gani, na kama kuna mtu yeyote pale juu ambaye ashawahi kuamka usiku wa manane kwa sababu matangazo ya laivu yamekata.

Kuna sababu naliangalia hilo kwenye video zaidi kuliko kwenye kampuni zingine za programu. Ukitengeneza programu ya kuandika barua, mteja mpya akija gharama yako haipandi kivile. Video haiko hivyo. Kila dakika mtu anayoangalia kuna data inatoka kwenye seva na kuna mtu anailipia. Alafu video moja ukiipandisha haikai kama ilivyo, inatengenezewa nakala kadhaa, moja nyepesi kwa mwenye intaneti dhaifu, nyingine ya kati, nyingine HD, nyingine 4K, na kila nakala inakula muda wa mashine na nafasi ya kuhifadhi hata kama hakuna anayeiangalia. Kwa hiyo unavyozidi kupendwa ndo bili inazidi kukua, na ndo maana kwenye kampuni ya video mkuu wa teknolojia na mkuu wa fedha lazima wawe wanaongea kila siku. Hao wawili wasipoelewana anayeumia ni mtazamaji, ama picha inashuka ubora bila maelezo ama bei inapanda ghafla.

Angalia Twitch, mtandao wa kuonyesha gemu na mambo mengine laivu. Dan Clancy alichukua nafasi ya Emmett Shear, mmoja wa waanzilishi, Machi 2023, na mwaka huohuo mwezi Desemba akatangaza wanafunga huduma Korea Kusini, ikafungwa kweli tarehe 27 Februari 2024. Sababu aliyoitoa ni ada za mitandao za kule, alisema zilikuwa mara 10 ya nchi nyingine nyingi. Na kabla ya hapo walishajaribu kupunguza gharama kwa kushusha ubora wa picha hadi 720p (HD ya chini) kwa watazamaji wa Korea mwaka 2022, haikutosha. Hapo unaona jinsi hesabu ya data inavyoweza kuitoa kampuni nzima kwenye nchi yenye mashabiki wengi wa gemu. Uamuzi uliwaumiza watu waliokuwa wanaishi kwa kustrimu, lakini nilichokiheshimu ni kwamba bosi alitoa sababu kwa maneno ya kawaida na akajitokeza mwenyewe kuongea na wastrimaji laivu, hakumwachia msemaji.

YouTube nayo ina historia nzuri ya hili jambo. Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim walianza 2005, wote walikuwa wametoka PayPal, na Oktoba 2006 Google wakatangaza kuinunua kwa hisa za dola bilioni 1.65. Wakati ule Google walikuwa na huduma yao wenyewe ya video, na aliyekuwa anaisimamia ni Susan Wojcicki. Fikiria, wewe ndo unasimamia bidhaa, alafu unaona kampuni changa inakupita, na wewe mwenyewe unakuwa miongoni mwa wanaoishawishi kampuni yako imnunue huyo mshindani. Viongozi wengi wangetetea kitengo chao mpaka kife. Mwaka 2014 yeye ndo akapewa kuiongoza YouTube na akaikalia mpaka Februari 2023, akafariki Agosti 2024. Aliyemfuata, Neal Mohan, hakutoka nje, alikuwa mkuu wa bidhaa palepale, na kabla ya hapo alikuwa kwenye matangazo tangu enzi za DoubleClick, kampuni ya matangazo ya mtandaoni. Ukiangalia mfuatano huo unaielewa biashara yao bila kusoma ripoti yoyote: bidhaa na matangazo.

Ila kwangu mimi uamuzi mzito zaidi wa YouTube ulitoka kwa mainjinia. Mwaka 2012 waliacha kupanga mapendekezo kwa kuhesabu mibofyo wakaanza kuangalia muda mtu anaokaa anaangalia. Injinia wao Cristos Goodrow ndo alikuwa kinara wa hiyo hoja. Walijua kabisa idadi ya mibofyo itashuka, na ikashuka, na watengenezaji wa video wakapiga kelele sana. Uongozi ukasimama nao hivyohivyo. Baadaye, 2021, wakaonyesha chipu waliyojitengenezea wenyewe kwa ajili ya kubana video, maana kwa kiasi cha saa 500 za video zinazopandishwa kila dakika hakuna seva za kawaida zinazoweza kubeba huo mzigo kwa gharama inayoeleweka. Chipu hutengenezi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo kuna watu walikaa mezani miaka kadhaa nyuma wakakubali kumwaga hela kwenye kitu ambacho mtazamaji hatakiona kamwe. Uongozi wa namna hii hauandikwi sana magazetini, na mi ndo ninaoutafuta.

Sasa Netflix, hapa nataka nikae kidogo.

Mwaka 2011 Reed Hastings alikuwa bosi ambaye kila alichokigusa kilikuwa kinakubali. Walikuwa wanatuma DVD kwa posta na wakati huohuo tangu 2007 wanaonyesha video mtandaoni. Julai mwaka huo wakatenganisha bei, anayetaka vyote viwili akajikuta analipa kama asilimia 60 zaidi. Watu wakakasirika. Septemba Hastings akaja na kubwa zaidi, akatangaza kwamba DVD zinahamia kwenye huduma ya pembeni inayoitwa Qwikster, tovuti nyingine, akaunti nyingine, malipo mengine. Haikufika hata mwezi, Oktoba wakafuta mpango wote. Robo ya Julai hadi Septemba walipoteza wateja kama 800,000 Marekani peke yake na hisa zikaporomoka vibaya.

Kinachonigusa ni kilichokuja kujulikana baadaye. Hastings mwenyewe alieleza kwamba viongozi wenzake wengi walikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, lakini kila mmoja alinyamaza kwa sababu alidhani huyu bosi huwa hakosei, labda anaona nisichokiona. Meza imejaa watu wenye akili na uzoefu, wanalipwa vizuri, na hakuna hata mmoja aliyesema bosi hapana. Baada ya hapo wakaweka utaratibu, mtu mwenye wazo kubwa lazima alizungushe kwanza kwa wenzake na awaombe kabisa wampinge kwa maandishi, hata waliwekee alama wazo lenyewe. Mi naona huo utaratibu una thamani kuliko teknolojia yao nyingi, na teknolojia yao ni kali kweli. Maana timu ya uongozi sio majina na picha za watu waliovaa vizuri, ni kama habari mbaya inaweza kupanda kutoka chini mpaka juu bila kulainishwa njiani.

Na ukiangalia walivyojipanga leo inaeleweka. Ted Sarandos, ambaye alianzia kwenye duka la kukodisha kanda za video, ni mkurugenzi mtendaji mwenza tangu 2020, upande wake ni filamu na vipindi. Greg Peters alipandishwa Januari 2023 kuwa mwenza wake, yeye ametokea upande wa bidhaa. Wakurugenzi wawili ni kitu kigumu, kampuni nyingi wakijaribu wanagombana, lakini kwa biashara ambayo nusu ni sinema na nusu ni mainjinia naona kuna mantiki. Alafu mwaka huohuo wa 2023 wakamfanya Elizabeth Stone kuwa mkuu wa teknolojia, na huyu mama kisomo chake ni uchumi. Kuna watu walishangaa. Mi sikushangaa hata kidogo. Kama nilivyosema juu, teknolojia ya video ni hesabu ya gharama kutoka mwanzo hadi mwisho: ubane video kiasi gani, nakala uziweke karibu na nani, ubora upi mtu anauona kweli na upi ni hela tu inapotea. Mtu wa uchumi anayeelewa data na anayeaminiwa na mainjinia yuko mahali pake kabisa.

Zoom ni hadithi nyingine naipenda. Mwanzilishi wake, Eric Yuan, alikuwa injinia wa WebEx, huduma ya mikutano ya mtandaoni, tangu siku za mwanzo, Cisco wakainunua WebEx 2007, yeye akabaki na akapanda mpaka makamu wa rais wa uinjinia. Akaona wateja hawana furaha na bidhaa, akataka ijengwe upya, hakukubaliwa, 2011 akaondoka na mainjinia kama 40 wakamfuata. Hiyo namba inaniambia mambo mengi kuhusu mtu kuliko wasifu wowote. Watu hawaachi mshahara wa uhakika kumfuata bosi ambaye hawamwamini.

Alafu ikaja 2020. Desemba 2019 walikuwa na washiriki wa mikutano kama milioni 10 kwa siku, Machi 2020 wakafika milioni 200. Mfumo wenyewe ulihimili, na hiyo ni kazi ya mainjinia, lakini yakaibuka matatizo ya usalama, watu wasiojulikana wanaingia kwenye vikao vya watu, na ikaonekana usimbaji waliokuwa wanautangaza haukuwa wa mwisho hadi mwisho, yaani ule ambao hata kampuni yenyewe haiwezi kusikiliza, kama walivyosema. Hilo lilikuwa kosa la kweli, na mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ikawabana mwaka huohuo. Ila angalia uongozi ulifanya nini. Tarehe 1 Aprili Yuan akaomba radhi hadharani, akasimamisha kuongeza vitu vipya kwa siku 90, mainjinia wote wakahamishiwa kwenye usalama, na kila wiki akawa anakaa laivu anajibu maswali. Kusimamisha bidhaa wakati ndo dunia nzima inakuja kwako, na washindani kama Microsoft na Google wanakimbia nyuma yako, inataka bosi anayejua mwenyewe kilichoko ndani ya mashine. Asingekuwa injinia sidhani kama angethubutu.

Sasa usije ukafikiri nasema lazima bosi awe injinia. Hapana. Quibi, huduma ya vipindi vifupi vya kuangalia kwenye simu, ndo mfano watu wanaupenda kuutaja, Jeffrey Katzenberg aliyetoka Disney na DreamWorks, pamoja na Meg Whitman aliyeongoza eBay na HP, wakakusanya dola bilioni 1.75, wakafungua Aprili 2020 na ilipofika Desemba wameshafunga. Watu wanasema ni kwa sababu hawakuwa watu wa teknolojia, lakini teknolojia yao ilikuwa nzuri tu, video inageuka kufuata simu ulivyoishika. Shida naona ilikuwa kwenye maamuzi: siku ya kwanza huwezi kuangalia kwenye televisheni, huwezi hata kupiga picha ya skrini umtumie rafiki, na wakati huo watu wamejifungia ndani na televisheni zao. Najiuliza mpaka leo nani pale ndani alisema hili halitakubali na akajibiwa nini, maana mbele ya majina makubwa namna ile kusema hapana ni kazi nzito sana.

Na upande wa pili kuna Anjali Sud wa Vimeo, huduma ya kupandisha na kuhifadhi video. Aliingia 2014 upande wa masoko, 2017 akawa mkurugenzi mtendaji ana miaka 33. Kampuni ilikuwa na mpango wa kutengeneza vipindi vyake na kushindana na kina Netflix, huo mpango ukawekwa pembeni, na chini yake wakajikita kuuza zana kwa wanaotengeneza video wenyewe, kampuni na watu binafsi. Mtu wa masoko alikaa karibu na wateja akagundua wanalipia nini hasa. Mei 2021 Vimeo ikaingia soko la hisa kama kampuni inayojitegemea. Yeye akaondoka 2023 kwenda Tubi, huduma ya kuangalia filamu bure, alafu 2025 kampuni ya Bending Spoons ya Italia ikakubali kuinunua Vimeo kwa dola bilioni 1.38. Mwaka huohuo mapema hao hao walikuwa wameshainunua Brightcove, kampuni nyingine ya huduma za video.

Hiyo ya kununuliwa ndo inanifanya nirudie kuangalia viongozi hata wa kampuni ambayo nimeshaizoea. Bidhaa jina linabaki lilelile, mlango wa kuingilia ni uleule, lakini waliokuwa wanaamua video yako ihifadhiwe wapi na kwa bei gani hawapo tena. Kwa hiyo mteja akiniuliza tusaini mkataba wa miaka mingi au la, namwambia kwanza tuombe kikao na waulizwe mambo haya: mkuu wa teknolojia anaripoti kwa nani, laivu ikikata nani anapigiwa simu, na mara ya mwisho waliacha kutoa kitu kwa sababu mainjinia walisema hakijawa tayari ilikuwa lini. Wakijibu moja kwa moja, na kwa jina la mtu, tunaendelea na mazungumzo ya bei. Wakianza kuzunguka, mi naomba kuongea na injinia wao kabla mteja hajasaini chochote.