Duka la Mtandaoni Likikataa VPN, Usiizime kwa Simu Nzima

Ukifungua duka la mtandaoni huku umewasha VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine ili kuficha ulipo) ukakuta ukurasa mtupu wenye namba 403, au ukazungushwa kwenye mafumbo ya picha yasiyoisha, mara nyingi kinachokataliwa ni anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako mtandaoni. Seva za VPN hukaa kwenye vituo vya data, na anwani za vituo hivyo zinajulikana. Tena anwani moja hutumiwa na watu wengi kwa pamoja: mmoja akijaribu kadi za wizi, nyote mnafungiwa.

Watu wengi hapo huanza kuruka kutoka seva moja ya VPN hadi nyingine, Frankfurt, London, Amsterdam, huku wameingia kwenye akaunti ileile. Usifanye hivyo. Mfumo wa kukagua ulaghai unaona mteja aliye nchi tatu ndani ya dakika tano, na sasa akaunti yenyewe ndiyo inayotiliwa shaka. Mbaya zaidi ni IP ya Ujerumani, kadi ya benki ya Kenya na mzigo wa kupelekwa Mombasa: oda inaweza kufutwa baada ya kulipa, na pesa ikashikiliwa siku kadhaa.

Kwenye Android, weka kivinjari cha pili, tuseme Firefox, kiwe cha manunuzi tu. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya VPN, tafuta sehemu ya kuchagua programu zitakazopita nje ya VPN, kisha uchague hicho kivinjari. Kikikosa intaneti kabisa, rudi kwenye mipangilio ya VPN ya simu yenyewe. Huenda umewasha kuzuia miunganisho isiyopitia VPN. Kwenye iPhone programu nyingi hazina uwezo huu, kwa hiyo zima VPN wakati wa kulipa, halafu uiwashe.

Hata nje ya VPN, namba ya kadi haitaonekana njiani, maana HTTPS, usimbaji wa mawasiliano kati yako na tovuti, inaifunga. Kampuni ya simu itajua umeingia duka gani, basi.

Dukani kwenyewe kinachokuanika zaidi ni vidakuzi (cookies, faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari ili ikutambue), barua pepe na namba ya simu, na VPN haifichi hata kimoja. Weka Firefox ifute vidakuzi kila unapoifunga kwa kuchagua Quit kwenye menyu yake, nunua kama mgeni inapowezekana, na usikubali kadi ihifadhiwe. Kama imeshahifadhiwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kudai zifutwe. Tanzania ipo ya 2022. Waandikie, taja akaunti yako na unachotaka kifutwe. Rekodi za malipo wanaweza kubaki nazo kwa ajili ya kodi.