Siku Tuliyokwenda Chumbe

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mvuvi wa pweza. Maji ya bamvua yakitoka, alifunga kanga kiunoni, akachukua kijiti chake chenye ncha na kapu, akaongozana na wanawake wenzake mpaka mwambani. Alijua kila shimo. Lakini kuogelea hakujua, wala mama hakujua, na mimi niliyekuwa nikisikia bahari kutoka chumbani nilikuwa sijawahi kuingiza uso wangu ndani yake. Wavulana wa kijiji chetu, kusini ya Mji wa Zanzibar, walikuwa wakijitosa tangu wadogo. Sisi wasichana tuliishia maji ya magoti.

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuja darasani na habari kwamba tumepata nafasi ya kwenda kisiwa cha Chumbe kwa siku moja, na hatutatoa hata senti. Chumbe ni hifadhi isiyoendeshwa kwa ajili ya kutajirisha mtu: wageni wanaolala katika nyumba zake saba ndio wanaolipia, na fedha zao zinalinda mwamba na kuwasomesha watoto wa Unguja habari za bahari. Hayo niliyafahamu baadaye. Siku ile nilichosikia ni kwamba tutaogelea, na moyo ulinienda mbio.

Bibi alikataa. Mwalimu akaja nyumbani mwenyewe baada ya sala ya alasiri, akapiga hodi, akakaribishwa mkekani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulilojia. Huyu mtoto wa kike, Mwalimu. Atavaa nini mbele za watu?"

Mwalimu alimweleza bila haraka. Wasichana wataingia na suruali ndefu na ushungi, kila mmoja atavaa jaketi la kuelea, na yeye mwenyewe atakuwa majini pamoja nasi. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwani huko chini kuna nini cha kusomea, maana yeye alikanyaga mawe yale umri wake wote. Mwalimu alicheka, akamwambia mtoto akirudi atakuja kumhadithia. Nadhani ndilo lililomlainisha. Bibi alipenda kuhadithiwa.

Tuliondoka Mbweni asubuhi kwa boti. Ng'ambo mnara wa taa ulionekana mapema, ule uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, na chini yake msikiti mdogo wa zamani. Aliyetupokea ufukweni alikuwa mlinzi wa hifadhi, mtu mzima mwenye mikono ya mvuvi, na kweli alikuwa mvuvi kabla ya kuajiriwa. Alitueleza kwamba upande wa magharibi wa Chumbe watu hawakuwa wakivua hata zamani, kwa sababu unapakana na njia ya meli, na jeshi lilikuwa likifanya mazoezi ya shabaha kutoka pwani ya jirani, ndiyo maana mwamba ulibaki mzima. Mjerumani mmoja, Sibylle Riedmiller, aliyekuwa akitafuta mahali pa kuwafundishia watoto habari za bahari, aliuona mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza kuwa hifadhi. Walinzi hawana bunduki. Mvuvi akiingia kwenye mpaka wanamfuata, wanazungumza naye.

Kisha tukaingia majini. Nilishika boya pamoja na wenzangu watatu, miwani imekazwa juu ya ushungi, bomba la kupumulia mdomoni, na kwa muda nilikuwa nikipumua kwa hofu tu. Mlinzi akalivuta boya taratibu kuelekea ukingoni. Nikainamisha uso.

Sijui kama nitaweza kulieleza. Kitabu chetu cha skuli kilikuwa na mchoro wa matumbawe, mweusi kwa mweupe. Chini yangu palikuwa na rangi ya zambarau, ya manjano, ya udongo, matawi, mabamba mapana, vichwa vikubwa kuliko meza ya mwalimu, na kila upenyo ulikuwa na samaki. Tasi, changu, chewa aliyetulia ndani ya kivuli chake akitutazama. Wengi nilikuwa nikiwajua sokoni, wamelala, macho yamefifia. Hapa walikuwa na shughuli zao. Na nilisikia sauti, kitu ambacho hakuna aliyeniambia nitarajie: pono walikuwa wakiguguna mwamba, unawasikia kama watu wanaotafuna miwa gizani. Nilisahau kuogopa. Mwalimu alinigusa bega kuniambia muda umekwisha, nami nikajifanya sikuhisi.

Pwani tulikaa chini ya paa la makuti na mlinzi akatueleza tulichokiona. Kila tumbawe ni maelfu ya wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao wanaishi mimea midogo mno inayotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia. Maji yakipata joto kupita kiasi, wanyama hao huitoa mimea ile, tumbawe likabaki jeupe, na joto lisiposhuka linakufa. Ilitokea mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi. Nilimfikiria bibi na wanawake wote wa kwetu, na nyayo zetu juu ya wanyama wale.

Mchana tulionyeshwa nyumba za wageni. Paa lake limejengwa makusudi likusanye mvua, maji yanachujwa na kuhifadhiwa katika tangi chini ya sakafu. Yaliyoogewa yanapelekwa kwenye kitalu cha mimea inayoyanywa kabla hayajafika baharini. Taa ni za jua. Choo hakina maji kabisa, unatia majani makavu na mboji, basi. Wavulana walicheka sana pale chooni. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kisima chetu kilivyo karibu na choo chetu cha shimo, na kwamba ardhi ya upande wetu ni jiwe la chokaa lenye matundu: kinachomwagwa shimoni hakikai shimoni. Miaka mingi tulikuwa tukiugua matumbo kila masika na kusema ni hali ya hewa.

Kabla ya kuondoka nikanyanyua mkono. Nilimuuliza mlinzi, "Mzee, sisi kwetu tunakula kwa bahari. Mkiifunga, tule nini?"

Hakukasirika. Alisema na yeye aliuliza vivyo hivyo siku ya kwanza. Samaki akiachwa akakua, akasema, anataga mayai mengi zaidi, na mayai na watoto wa samaki hawajui mpaka. Akatuambia tukawaulize wavuvi wa kwetu wanatega wapi siku hizi.

Usiku nilimhadithia bibi mpaka taa ya mafuta ikaanza kufifia. Alitaka kila kitu: rangi, pono, chewa. Nilipofika kwenye habari kwamba mawe ni wanyama alinikatiza, akasema alikuwa akijua yana uhai, maana yakivunjwa panakuwa hapana pweza kwa miaka, ila hakuna aliyewahi kumwuliza. Lile la choo na kisima alilisikiliza kimya, kisha akamwita baba aje alisikie upya.

Ami yangu, mtega madema, ile mitego ya samaki ya kusuka, alikuwa amekaa mlangoni. Yeye hifadhi hakuipenda, na alikuwa na haki ya kuuliza, maana ngalawa yake ndiyo iliyotulisha. Nikamrudia swali la mlinzi: "Ami, siku hizi mnatega wapi?"

Alichelewa kujibu.

"Karibu na maboya yao," akasema. "Nje ya mpaka, lakini karibu. Wote tunatega pale."

"Kwa nini?" bibi akauliza.

"Changu wa pale ni wakubwa, mama."

Bibi akamwambia basi na dema lake alisuke upya, matundu ayapanue, wadogo wapate pa kutokea.