Jivu la mawese kwenye migomba na mboji yangu

Msimu wa chikichi hapa Simbo, Kigoma, karibu kila ua unapika mawese, na jivu linabaki la kumwaga. Mimi naliwahi. Mikungu mitupu ya michikichi ikichomwa hutoa jivu lenye potasiamu nyingi mno, ndiyo maana wazee wetu walilipikia sabuni. Na mgomba unaila potasiamu kuliko karibu kirutubisho kingine chochote.

Udongo wa shambani kwangu ni mwekundu, mvua zimeshauosha. Bwana shamba alipoupima, pH, yaani kipimo cha uchachu, ilikuwa 5 na kidogo: udongo mchachu. Maharage yalififia rangi hata nikiweka samadi. Jivu lina kalisi nyingi, kwa hiyo linapunguza uchachu kama chokaa. Naitrojeni, kirutubisho kingine cha mimea, halina, kwa hiyo samadi bado inahitajika.

Kazi kubwa ni kulitafuta safi na kulitunza. Kwanza nauliza: "Shangazi, leo mmewashia nini?" Akijibu, "Kuni na mikungu tupu, mwanangu," nazoa. Wakiwa wametia nailoni au mbao za rangi, naliacha. Nangoja lipoe kabisa, maana kaa moja lililojificha linatosha kuunguza gunia, kisha nalichekecha na kulifunika ndani ya ndoo. Likinyeshewa, potasiamu inaondoka na maji.

Kwenye mboji, kila tabaka la majani na maganda likifika shubiri moja, narusha jivu jembamba, majani yaonekane chini yake. Hapo mkono usiwe mzito hata kidogo. Samadi mbichi silichanganyi nayo: vikikutana, harufu ya amonia inakupanda puani, na harufu hiyo ndiyo naitrojeni yenyewe inayopotea hewani. Mbolea ya urea nayo ni vivyo hivyo, naipa nafasi ya wiki kadhaa.

Kwenye migomba naweka mwisho wa kiangazi, konzi 2 kwa mita 1 ya mraba, mara 1 tu kwa mwaka. Nalizungusha mbali na shina na kulifukia kwa jembe, kitambaa puani kwa sababu upepo wa ziwa unalirusha usoni. Mananasi siyapi, yanapenda udongo mchachu. Viazi mviringo pia sivipi, vinapata ugonjwa wa ukoko kwenye ganda. Mbegu inayochipua isilione kabisa, chumvi zake zinaiunguza.

Msimu uliopita niling'oa shina la maharage lililokuwa katikati ya migomba. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani kikawa na wekundu wa nyama mbichi, dalili kwamba kinavuta naitrojeni kutoka hewani. Nilifurahi sana. Hata hivyo sitaongeza jivu mwaka huu kabla udongo haujapimwa tena, kwani pH ikivuka 7 mimea inaanza kukosa chuma na zinki.