Mashine ya Kijapani isiyojua kusema "si"

Mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa kwamba kontena la baiskeli za Japani haliji na baiskeli tupu. Katikati ya matairi hujazwa kila kitu: vikombe, viti vya watoto, majiko ya wali ya 100V ambayo kwenye umeme wetu wa 230V yataungua siku ya kwanza na kuletwa kwangu, na midoli. Muuza baiskeli mmoja hapa Ngamiani, ambaye redio yake nimeitengeneza mara nne na kulipwa mara mbili, alinipigia simu asubuhi moja. "Fundi, njoo uone laptopu ya watoto."

Haikuwa laptopu. Ilikuwa kama kisanduku cha plastiki chenye mkono wa kubebea, rangi zimepauka kwa jua. Ukikifungua, chini kuna ubao laini na kalamu nene iliyofungwa kwa waya, na kando vitufe vya mishale. Juu kuna mpenyo, na kwenye mpenyo limechomekwa kitabu. Kitabu kweli, kurasa ngumu zenye picha, ila mgongo wake ni kaseti ya gemu. Alianza na elfu arobaini. Nikaondoka nayo kwa elfu kumi na mbili, pamoja na vitabu viwili na pampu mbovu ya baiskeli aliyoitia juu kwa aibu.

Nyumbani niliifungua skrubu kabla hata ya kunywa chai. Mke wangu alisema, "Umemnunulia mtoto au umejinunulia?" Sikujibu. Kwenye bodi nikaiona Motorola 68000, nikacheka peke yangu. Hiyo ndiyo prosesa, ubongo wa mashine, iliyokuwa kwenye kompyuta ya Macintosh ya 1984, na ndiyo iliyokuwa kwenye Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega. Maana hiki kidude ni cha Sega, wale wa yule kalunguyeye wa buluu anayekimbia. Kinaitwa Pico. Kilianza kuuzwa Japani 1993, Marekani 1994, kwa watoto wa miaka 3 hadi 7. Marekani hakikufika mbali, kufikia 1998 Sega walikuwa wameshaachana nacho huko. Kwao Japani ziliuzwa zaidi ya milioni 3, na mrithi wake, Beena, akaja 2005. Kwa hiyo hii yangu huenda ina umri wa mama yake mjukuu wangu.

Ujanja wake ni huu. Ukifungua ukurasa, mashine inajua umefungua upi, na picha kwenye TV inabadilika kufuata ukurasa huo. Ukigusa mti kwenye kitabu kwa ile kalamu, mti wa kwenye TV unafanya jambo. Mtoto ana kitabu mapajani na sinema mbele yake, na vyote viwili vinasikiliza mkono wake. Nimetengeneza TV miaka ishirini na sita, sijawahi kuona wazo zuri hivyo kwenye kitu cha plastiki.

Kuiwasha ilikuwa shughuli. Adapta iliandikwa AC100V kwa herufi kubwa, nikaiweka pembeni ya meza makusudi, nikaenda kuswali adhuhuri. Kijana wangu wa kazi akaona waya, akaona soketi. Niliporudi, harufu ya transfoma iliyoungua ilinipokea mlangoni. Nikatafuta adapta ya 9V kwenye boksi la vifaa vilivyokufa, nikapima kwa mita ncha ipi chanya ipi hasi (pima kwanza, tafadhali, msiniletee maiti), nikachomeka. Waya wa njano picha, mweupe sauti. Taa ikawaka, muziki ukaanza, na picha ikaja nyeusi na nyeupe.

Mjukuu wangu, miaka mitano, yuko chekechea, akasema, "Babu, imekufa rangi."

Haikufa. Kwa rangi za TV, mashine za Japani za aina hii zinatumia mfumo wa NTSC, sisi PAL, na ile TV yangu ya chogo haikuwa ikielewa rangi za NTSC. Nikashusha nyingine kutoka rafuni, inayokubali mifumo yote, ambayo mwenyewe aliiacha dukani mwaka wa tatu sasa hajarudi. Kama unasoma hii, mzee wangu, TV yako ipo na inafanya kazi nzuri sana.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana yote haya ni maneno ya fundi.

Mama yake mtoto anaishi Dar. Alimwekea kwenye simu programu ya kujifunza herufi, ya Kiingereza, yenye nyimbo na katuni. Mtoto anaipenda, lakini imemvuruga. Shuleni mwalimu anaandika E, wanasema "e". Simu inasema hiyo ni "ii". Mwalimu anaandika I, wanasema "i". Simu inasema "ai". A nayo imekuwa "ei", ambayo masikioni mwa mtoto wa Kiswahili ina sauti ya e ndani yake. Siku moja alimsomea bibi yake neno "embe" likatoka "imbi". Bibi akauliza kama hilo ni tunda la Dar.

Basi kitabu kimoja cha ile Pico kilikuwa cha herufi. Hakuna hata mmoja nyumbani anayejua Kijapani, nikawa natarajia mtoto atagusagusa picha kisha ataichoka. Akagusa ukurasa wa kwanza kwa kalamu, na sauti ya mwanamke ikasema polepole:

"A. I. U. E. O."

Mtoto akanigeukia, macho yamemtoka. Akagusa mstari wa pili.

"Ka. Ki. Ku. Ke. Ko."

"Babu! Hii ya shule!"

Mimi mwenyewe nilikaa chini. Irabu tano, zilezile zetu. Halafu konsonanti inashikana na irabu, inakuwa silabi, kama mwalimu anavyoandika ubaoni ka ke ki ko ku. Kumbe alama zao zile, zinazotutisha kwenye maboksi ya vipuri, kuna kundi zima ambalo kila alama moja ni silabi moja. Mtoto wa Japani anaanza kusoma kwa silabi, na mtoto wa Ngamiani vilevile. Mashine ya kutoka upande wa pili wa bahari imetukaribia kuliko simu iliyonunuliwa Kariakoo.

Ila mpangilio ni tofauti, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mjukuu wangu aliisikiliza mara tatu, akatoa hukumu: "Inakosea. Ni a, e, i, o, u." Akawa anagusa kwa mpangilio wetu, anaruka huku na huku kwa kalamu, mashine inalazimika kusema ka, ke, ki, ko, ku kwa sauti yake ya upole. Akifanikiwa mstari mzima anaisifu: "Vizuri, kaa chini."

Akafika kwenye s. "Sa," ikasema. Akagusa ya pili. "Shi."

"Si," akaisahihisha.

"Shi."

"Sema si!"

"Shi."

Wajapani hawana "si" kwenye ule mpangilio wao, wana "shi". Kwenye t ni hivyohivyo: ta, chi, tsu, te, to. Nilijaribu kumweleza kwamba ndivyo wanavyosema kwao. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayesema TV imeharibika yenyewe. Akaenda kuchukua kijiti cha ufagio wa chelewa, akakaa mbele ya TV kama mwalimu, na jioni nzima nyumba yetu ilikuwa "si!", "shi", "si!", "shi". Jirani akauliza kupitia dirishani kama tunafukuza kuku.

Kitabu cha pili ni cha hadithi, kuna mtu mwenye kichwa cha boflo anayeruka angani. Hicho amekichukua bibi. Yeye haitaki hata hiyo TV. Anafungua ukurasa, anasema hadithi hadithi, mtoto anajibu hadithi njoo, na yule mtu wa boflo anapelekwa Soko la Mgandini kuuzwa, anatoroka, anavuka kwenda Pemba kwa jahazi. Juzi umeme ulikatika katikati ya hadithi na hakuna aliyegundua ila mimi.

Hasara ipo, niseme. Ile kalamu lazima uibonyeze ndipo mashine isikie, na mtoto amezoea. Mwalimu wake ameniita shuleni kunionyesha daftari lililotobolewa matundu kama chujio. Penseli tatu kwa wiki. Nimeambiwa nimwambie aandike, asidonoe.

Kudonoa huko ndiko kumekata waya wa kalamu wiki iliyopita, pale unapoingilia kwenye mashine. Ni kazi ya dakika kumi: nikakata sehemu mbovu, nikaunga kwa risasi, nikafunika kwa mpira, nikaijaribu. Mjukuu alikaa kwenye kigoda muda wote, kidevu kwenye meza, anatazama moshi wa risasi bila kupepesa.

"Imepona," nikamwambia.

Akachukua kalamu, hakuigusa mashine bado. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

"Na ile si, umeitengeneza?"