Nani Kasema, na Kamwambia Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

"Mjue sana Mungu, ili uwe na amani, ndivyo mema yatakavyokujia." Andiko hili la Ayubu 22:21 tunalipenda, na wengi wetu tumewahi kumsomea mgonjwa. Aliyelisema ni Elifazi, mmoja wa rafiki zake Ayubu, akimwambia Ayubu aliyekwisha kuzika watoto 10 na kuketi majivuni akijikuna kwa kigae. Soma kuanzia mstari wa 5. Elifazi ametoka kumshutumu kwamba uovu wake ni mkubwa, kwamba amewanyima wenye njaa chakula na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Yote ni uongo. Kwa hiyo wito ule mzuri ulikuwa na mwiba ndani: ungekuwa unamjua Mungu, haya yasingekupata. Ukifika 42:7, Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa.

Je, tulifute andiko hilo? Hasha! Kumjua Mungu ndio uzima wa milele (Yohana 17:3), na Paulo naye ananukuu maneno mengine ya Elifazi katika 1 Wakorintho 3:19. Kila andiko lafaa. Hotuba za Elifazi nazo zafaa, tena sana, kutuonya sisi tunaofariji watu: neno la kweli likielekezwa kwa mtu asiyestahili lawama humjeruhi.

Vitabu vingine navyo vina namna yake ya kusomwa. Walawi 19:18 inatuamuru kumpenda jirani, na mstari unaofuata unakataza nguo ya nyuzi za namna mbili. Hatubahatishi tunaposhika wa kwanza na kutojifunga na wa pili: Yesu aliutaja kuwa amri kuu ya pili, na mitume waliokutana Yerusalemu katika Matendo 15 hawakuwatwika Mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi, torati yote ya Musa.

Nakazia jambo hili kwa sababu hata Ibilisi alinukuu Zaburi ya 91, akitaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Bwana akajibu, "Tena imeandikwa." Aliliweka andiko kando ya andiko.

Basi ukienda kumwona mgonjwa wiki hii, msomee Zaburi ya 13. Hiyo ni sala ya mtu anayeumia, inaanza na "hata lini", na mgonjwa anaweza kuiomba kama yake.