Kutoka KICC Hadi Namanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipita chini ya KICC, jumba la mikutano la Nairobi, nikielekea steji. Katika kumbi zile, Desemba 2015, mawaziri wa nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walikubaliana kufuta ruzuku za kuuza mazao nje. Kikao kilipangwa kwisha tarehe 18, kikasogea hadi 19. Nchi tajiri ziliambiwa zianze mara moja, nyingi za zinazoendelea zikapewa hadi mwisho wa 2018. Azimio lenye tarehe lina mahali pa kushikiwa. Lisilo na tarehe huishia kwenye picha ya pamoja.

Nilitaka kuona maneno ya namna hiyo yanavyofika mpakani, basi nikapanda matatu ya Namanga, mpakani na Tanzania. Mlolongo, Athi River, kisha Kitengela, ambako foleni ilitupa muda wa kutosha kuongea.

Jirani yangu, wakala wa forodha, aliniuliza mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huwa inafanya nini hasa. Nikamweleza: wataalamu hutangulia na rasimu. Kila sentensi iliyokataliwa na nchi yoyote hufungwa kwa mabano ya mraba. Makatibu wakuu hufuata, wakayafungua wanayoweza, yaliyobaki wakawapelekea mawaziri. Hapo huamuliwa kwa maafikiano, kwa hiyo mmoja akigoma wote husubiri. Ndiyo maana mabano mengi hufunguliwa kwa kulegeza lugha: “itaondoa” inageuka “itajitahidi kuondoa”, na kila mtu anarudi kwao akiwa ameshinda.

“Na mimi nabaki na lori barabarani,” akasema.

Ana haki. Afisa wa forodha hafanyi kazi kwa taarifa ya viongozi iliyosomwa runingani. Anangoja tangazo la kisheria na waraka wa ofisi yake. Kati ya mkono kupeanwa na waraka kufika, mzigo unalala.

Baada ya Kajiado barabara ikanyooka, mbuzi kila upande, tukaongea mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kuonyesha sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Nairobi, na biashara ikawa katika ajenda ya mazungumzo yake na Uhuru Kenyatta. Lakini marais hawapimi mahindi.

Namanga, mzigo unaoingia Kenya hukaguliwa upande wa Kenya tu, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa pamoja. Hilo limepunguza kusimama mara mbili. Wenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000 hupata hapohapo cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha zimetoka nchi mwanachama. Tatizo ni kwamba wengi hudhani cheti hicho kinatosha. Kinaondoa ushuru wa forodha, basi. Kibali cha afya ya mimea bado kinatakiwa, na mama mwenye magunia sita ya maharagwe alikuwa amerudishwa kukitafuta.

Kando yake kulikuwa na lori la mahindi. Kijana alichoma bambo, kile chuma cha kuchukulia sampuli, kwenye gunia, akaligeuza, punje zikateleza kiganjani. Akahamia gunia la katikati, kisha la chini kabisa, kwa sababu kuvu haienei sawasawa: gunia moja safi, la pili sumu tupu. Akichukua sampuli mlangoni tu, cheti kitasema uongo bila mtu yeyote kudanganya. Dereva alikuwa ameshatandika mkeka chini ya trela.